Mwale wa Nane

Wewe unayesoma hapa ulikuwepo. Usijifanye. Ulikuwa kwenye foleni ya dirisha la tatu siku dada yangu alipoambiwa kwamba si raia, ukainamia simu yako kana kwamba imeanza kutoa maziwa. Na kama hukuwepo pale, ulikuwepo kwenye dirisha jingine, mtu mwingine akirudishiwa makaratasi yake kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, na wewe ukahesabu mbao za dari. Nina kumbukumbu ndefu. Nakumbuka hata shati ulilovaa.

Lakini usiitupe karatasi hii kwa hasira. Nikimaliza kukusema wewe, nitajisema na mimi, tena mimi nimekuzidi.

Mimi ni fundi mihuri. Miaka thelathini na moja nimekaa kibandani kwangu, mkabala na Ofisi ya Uandikishaji, nikichonga mpira kwa kisu chembamba, herufi zote kinyumenyume, kisha naubandika kwenye kishikio cha mbao. Kila muhuri, kabla haujatoka, naupiga kwanza kwenye daftari langu, naandika tarehe na ofisi iliyouagiza. Madaftari yamefika kumi na manne. Juu ya mlango kuna kibao nilichokipaka rangi kwa mkono wangu: FUNDI MIHURI. HAJAWAHI KUKOSEA.

Watu wananiita Kifungu, kwa sababu ya sheria. Shule niliishia darasa la saba. Sheria hakunifundisha mtu. Niliinunua ile ya uraia kwa mpiga chapa wa serikali, nikakaa nayo na kamusi, nikaisoma mara nne. Nilipofika kifungu cha kumi na saba nilisimama, nikaenda uani, nikanywa maji, nikarudi kuhakikisha. Kinasema hivi, kwa maneno yangu: ukizaliwa na uraia wa nchi mbili, ukifika miaka ishirini na moja unapewa miezi kumi na miwili uukane ule mwingine kwa tamko. Usipoukana, wa hapa unakoma. Hakuna barua. Hakuna anayegonga mlango. Unalala raia, unaamka mgeni, na kitanda ni kilekile.

Sasa dada yangu. Ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, na mji mzima unamwita Pampu. Ndiye mwangalizi wa mashine sita zinazosukuma maji kwenda mjini. Huweka ncha ya bisibisi kwenye mashine, mpini sikioni, afumbe macho, halafu akuambie ni beringi ipi inalia na italia mpaka lini kabla haijakata roho. Anakaa nyumba ya kazi, hatua ishirini kutoka kwenye mashine zake, na husema hawezi kupata usingizi mahali pasipo na ngurumo.

Kosa lake ni kuzaliwa mapema. Mama alivuka mpaka kwenda kumuuguza dada yake, mimba ina miezi minane, na mtoto hakuwa na subira. Siku ya tisa mama alirudi na kichanga mgongoni na cheti cha nchi ile ndani ya kanga, kwa sababu kule, anayezaliwa juu ya udongo wao ni wao. Uraia wa hapa alikuwa nao tayari kwa damu ya baba. Siku tisa! Na zote alilala.

Alipotimiza miaka ishirini na moja, mimi ndiye niliyempeleka kutoa tamko. Alisimama mbele ya msajili wa zamani, akaukana uraia wa nchi asiyoikumbuka, akatia sahihi, muhuri ukapigwa mpaka meza ikaruka. Akapewa nakala. Aliitunza ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya nguo yake ya harusi.

Miaka ishirini na sita ikapita. Mwaka huu ukatoka waraka: kila mtumishi wa umma athibitishe uraia wake. Pampu hakuhangaika. Akaenda dirisha la tatu akauliza faili lake. Faili hakuna. Bomba lilipasuka chini ya stoo ya ofisi, majalada ya miaka ile yakawa rojo. Na ujue kwamba kuhusu bomba hilo Pampu alikuwa amewaandikia mara tatu kwamba limeoza! Basi akatoa nakala yake ya nailoni, akampa karani, akarudi kazini akipiga mluzi.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Aliisomea nyumbani kwangu, mezani, mbele yangu na mke wangu.

"'Nakala uliyowasilisha,'" alisoma, "'ina muhuri wenye jua la miale minane. Jua la serikali lina miale saba. Hivyo tamko hilo ni la kughushi, na uraia wako ulikoma miaka ishirini na mitano iliyopita. Una siku thelathini kuleta uthibitisho mwingine. Ukishindwa, utaacha kazi na nyumba, na kuripoti kama mgeni.'" Akaikunja. "Wifi, umesikia? Mimi mgeni. Niwekee basi kiti kizuri, na ulete ile glasi yenye maua."

"Mgeni gani anayejua funguo za kabati zilipo kuliko mimi mwenye nyumba?" alijibu mke wangu.

"Robo karne nimewafungulia maji bila kibali cha kufanya kazi. Ngoja nikayafunge, tuone watanawa na nini."

Walicheka wote wawili. Lakini niliona amezidi kuikunja karatasi ile mpaka haikunjiki tena.

"Kaka, mbona umenyamaza?" akaniuliza. "Wewe, Kifungu, umekosa kifungu?"

Nikasema nafikiri. Nilikuwa sifikiri. Nilikuwa najua.

Nilianza kuandika barua. Niliandika kwa Mkuu wa ofisi, kwa wizara, kwa gazeti. Nilitaja kifungu cha kumi na saba, kifungu kidogo cha pili, kanuni ya tisa. Niliandika kwamba tamko ni neno la mtu, muhuri ni wino tu. Nilisimama kibandani nikawahutubia wapita njia mpaka muuza magazeti jirani akahamisha meza yake. Hasira yangu ilikuwa ya kweli kabisa. Ila kulikuwa na jambo moja nisiloliandika, na barua zote zile zilikuwa shuka la kulifunikia.

Katikati ya hayo nilimwambia Pampu aende ubalozi wa nchi ile ya siku tisa, ajue kama angalau kuna mlango wa dharura. Alirudi ameshika mbavu.

"Wamenikumbatia! Mzee mmoja amesimama kunipokea: 'Karibu nyumbani, binti.' Nikamwambia, baba, mimi nyumbani nimeacha mashine ya nne inakoroma. Anasema kwao tamko la hapa halihesabiki, mimi ni wao tangu nizaliwe, na pasipoti nitapata kwa wiki moja."

"Si uichukue?" mke wangu akasema. "Wiki moja tu!"

"Nikaishi wapi? Simjui mtu hata wa kumwomba chumvi. Na nikiichukua, wifi, nitakuwa nimewatilia sahihi hawa wa hapa kwamba walisema kweli, mimi ni tapeli." Akaacha kucheka. "Sitaki pasipoti. Nataka waseme nilichofanya nilikifanya."

Siku ya ishirini na tisa, mchana, nilikuwa nachonga muhuri wa zahanati. Mke wangu aliingia kibandani, akafunga nusu mlango, akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Akatoa daftari la tatu. Akafungua katikati, palipo na ukurasa mzito kuliko mingine, kwa sababu ni kurasa mbili zilizogandishwa kwa gundi.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," alisema. "Nimekungoja siku ishirini na tisa. Niliwahi kukungoja zaidi ya hapo, ila wakati ule nilikuwa mchumba."

"Mama watoto..."

"Ulidhani sijui? Siku uliyochonga muhuri huu mimi nilikuwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, na ulikuwa unakimbia huku na huko kama kuku aliyemwagiwa maji. Niambie, bwana sheria. Kifungu gani kinaruhusu mtu amwache dada yake aitwe mgeni ili kibao chake kisifutwe?"

Sikukipata. Nimekitafuta mpaka leo.

Ilikuwa hivi. Kuligawanya duara sehemu saba ni kazi ya subira. Unapima, unafuta, unapima tena. Sehemu nane ni rahisi: unakunja karatasi mara tatu, umemaliza. Siku ile msajili alitaka muhuri wake kabla ya saa sita, na jirani alikuwa ameshakuja mbio kuniambia mke wangu amepelekwa hospitali. Nikakunja karatasi mara tatu. Nikachonga jua, nikaupiga muhuri daftarini bila kuutazama, nikaukabidhi, nikakimbia. Jioni nimerudi baba wa mtoto, nimefungua daftari nijifurahishe, nikahesabu miale. Minane.

Ningeweza kuvuka barabara asubuhi yake. Hatua thelathini. Sikuvuka. Miezi kumi na moja muhuri ule ulipiga hati za kuzaliwa na matamko ya uraia, mbele ya macho yangu, na mimi nikatazama pembeni, nikiwa na kisu mkononi. Mwishowe msajili mwenyewe aliuleta amefunga kwenye gazeti. "Fundi, jua limezidi mwale. Chonga jingine, tunyamaze." Tukanyamaza. Nikagandisha ukurasa. Mwaka uliofuata nikapaka kibao.

Tamko la dada yangu lilipigwa mwezi wa tano wa miezi hiyo kumi na moja. Nilikuwa nimesimama pembeni yake.

Nilimkuta kwenye mashine, bisibisi sikioni. Nikamwambia yote kwa sauti ya juu, maana pale huwezi kukiri kwa kunong'ona. Alinitazama. Akaenda kuzima mashine ya pili ili asikie vizuri, na nikarudia tena, safari hii kwa aibu ya ukimya.

"Walipokuwa wananiita mghushi," alisema, "ulikuwa umekaa upande gani wa meza?"

"Upande wako."

"Ukanywa chai?"

"Nikanywa."

"Vikombe viwili. Nakumbuka, uliongeza sukari." Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Nilidhani atanipiga na nikajiandaa, kwa sababu akiwa mdogo alikuwa anapiga kweli. "Kaka, ningekuwa na muda ningekununia mwaka mzima. Lakini nina siku moja. Kesho saa mbili, umevaa viatu, una daftari. Kununa kwangu nimekuwekea, nitaanza keshokutwa."

Kesho yake tuliingia watatu. Foleni ilikuwa ndefu hadi nje. Karani wa dirisha la tatu ndiye aliyeandika ile barua, binti nadhifu, kalamu zimepangwa kwa rangi, aina ya mtu anayehesabu miale ya jua kwenye muhuri kwa sababu ameambiwa ahakiki, na ameamua kuhakiki. Simlaumu. Angekuwepo karani wa namna hiyo zamani zile, nisingekuwa naandika haya.

Nikamwomba Mkuu atoke. Akatoka, mtu mnene mpole mwenye miwani mbili, moja puani moja kichwani. Nikafungua daftari, ukurasa tuliokuwa tumeubandua kwa mvuke wa birika. Tarehe, jina la ofisi yake, jua la miale minane. Halafu nikaingiza mkono mfukoni nikatoa muhuri wenyewe, niliokuwa nimeuzika kwenye kopo la misumari. Nikaugusisha kwenye wino wa karani, nikaupiga kwenye karatasi nyeupe, nikaiweka kando ya nakala ya dada yangu. Jua lilelile. Hata kile kipande kilichobanduka chini ya herufi ya mwisho kilikuwa mahali pake.

"Kosa ni langu," nikasema. "Si la mama huyu. Niliuchonga vibaya, ofisi hii ikautumia miezi kumi na moja."

Mkuu alibadilisha miwani. "Mzee, unajua kuwa na muhuri wa serikali nyumbani ni kosa?"

"Kifungu cha arobaini na moja. Miaka miwili ndani, au faini."

"Na unajua kwamba daftari lako si kumbukumbu ya serikali? Mtu anaweza kuandika tarehe anayoitaka. Wewe ni kaka yake. Na unachonga mihuri." Alisema taratibu, bila ubaya, na ndiyo maana iliniuma zaidi. "Ukiniuliza mimi, hujaniletea uthibitisho. Umeniletea mghushi."

Vifungu vyote vilinitoka kichwani kama njiwa. Mke wangu akafungua mkoba wake, akatoa hati ya kuzaliwa ya mtoto wetu wa kwanza. "Hesabu na hii," akasema. "Ilipigwa hapahapa."

"Ni ya familia hiyohiyo, mama," Mkuu akajibu.

Pampu ndiye aliyemgeukia karani, kwa sauti ile anayotumia kuuliza mashine inaumwa wapi. "Mwanangu, una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita. Kwa nini?"

"Umezaliwa mji huu?"

"Ndiyo, na..." Karani akavuta droo ya chini, akatoa bahasha yake, ile ambayo kila mtumishi aliambiwa ailete kuhakikiwa. Akachomoa hati yake ya kuzaliwa. Akaweka kidole kwenye muhuri, na foleni yote ikamsikia akihesabu kama mtoto wa chekechea. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba." Kidole kikabaki hewani. "Nane. Mama yangu wee!"

"Karibu sana, mgeni mwenzangu," Pampu akamwambia. "Mimi nina kiti kizuri nyumbani kwa kaka, tutakaa kwa zamu."

Hapo foleni ikafumuka. Mtu wa kwanza kuchomoa karatasi alikuwa dereva wa lori aliyekuja kubadilisha jina: minane. Mama mmoja aliyebeba hati ya mwanawe akapiga kelele, "Na huyu anaoa Jumamosi! Anaoa kama raia wa wapi?" Mwingine akahesabu saba, akasikitika kabisa, akahesabu upya kwa matumaini. Mlinzi wa mlangoni akavua kofia akatoa kitu kilichokunjwa ndani yake, akaomba msaada wa miwani.

Mkuu akatazama ukumbi. Akamtazama karani wake, aliyemwajiri kwa hati ile, kwa sahihi yake mwenyewe. Akavua miwani zote mbili.

"Kama minane ni ya kughushi," alisema polepole, "basi nimeajiri mgeni, akamwandikia barua mgeni, kwamba ni mgeni."

"Na mgeni ndiye anayekuletea maji ofisini," Pampu akaongeza. "Ukitaka chai, amua mapema."

Akacheka. Nasema kweli, alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha. Halafu akaketi mahali pa karani, akaandika kwa mkono: kwamba mihuri yenye jua la miale minane, kwa miezi ile kumi na moja, ni halali, kwamba tamko la Pampu lilitolewa kwa wakati, kwamba uraia wake haujawahi kukoma hata siku moja. Akapiga muhuri. Nilihesabu. Saba. Ule wangu wa zamani akauchukua, akasema kifungu cha arobaini na moja atakisahau kwa sababu ofisi nayo ina mambo yake ya kusahauliwa.

Jioni ile Pampu alipanda ngazi kibandani na kopo la rangi, mke wangu ameshika ngazi, mimi nimekatazwa kusema. Sasa kibao kinasomeka: FUNDI MIHURI. ALIKOSEA MARA MOJA. Wateja wameongezeka. Na kule kununa kwa keshokutwa alikuanza kama alivyoahidi. Kulidumu mpaka saa saba mchana, alipokosa mtu wa kumwambia kwamba mashine ya nne imeacha kukoroma.

Ungependa niishie hapo, ee? Ufute macho, uende zako. Sikuachii.

Tulipokuwa tunatoka, karani alinifuata mpaka ngazini, uso umempauka. "Mzee Kifungu," alisema, "barua kama ya mama sikuandika moja. Niliandika kumi na moja." Kumi na moja, kwa ajili ya mwale mmoja nilioukunja mimi. Dada yangu ndiye pekee aliyerudi kubishana. Wengine kumi walipokea, wakasoma neno *kughushi*, wakaona aibu, wakanyamaza. Ofisi imeandika barua za kufuta zile za kwanza, zimerudi tatu: wahusika wamehama, hawajulikani walipo. Saba hazijajibiwa. Barua zao zilitoka baadaye kuliko ya Pampu, na siku zao thelathini zinakwisha Ijumaa hii. Baada ya hapo, asiyeleta nakala yake dirishani atafutwa kazini na mfumo wa kompyuta usiojua kucheka.

Wewe uliwaona. Ulikuwa kwenye foleni, nimekwambia nakumbuka shati. Ni yule mwalimu aliyeacha kuja kazini bila kuaga. Ni yule mpangaji aliyekuwa anafunga mizigo ukamuuliza vipi, akasema anakwenda kusalimia ndugu, nawe ukajua anadanganya ukasema safari njema. Mimi nilikaa kimya miaka ishirini na sita na ilinigharimu kibao tu. Wao itawagharimu nyumba. Basi weka karatasi hii chini. Toa hati zako uhesabu. Kisha ichukue tena, vuka barabara, hatua zako thelathini, ugonge mlango wa huyo unayemfikiria sasa hivi, umwambie jua la miale minane ni halali, alete nakala yake, na mimi nitakuwa dirisha la tatu kuanzia saa mbili na daftari langu. Pale pale, kabla hajafunga mlango, mpe kalamu atie sahihi kwenye dai letu, lililo nyuma ya karatasi hii, kwamba uraia wa mtu usikome kamwe bila barua mkononi mwake na nafasi ya kujibu. Na wewe tia yako. Leo ni Jumatano. Inuka.